Mfuko wa Kushoto

Jina analo, na Karatu nzima inalijua, lakini sisi tulioimba chini ya mkono wake hatukuwahi kulitumia na mimi sitaanza leo. Tulimwita Mwalimu. Yeye naye hakutuita kwa majina, alituita kwa sauti tulizoimba. Mimi mwenye duka la spea karibu na stendi, mama wa vijana wenye ndevu zao, mbele yake nilikuwa Sauti ya Pili na mpaka leo ni Sauti ya Pili. Fundi wa gereji iliyo nyuma ya duka langu alikuwa Besi. Mke wa Mwalimu mwenyewe alikuwa Ya Kwanza, na neno hilo alilitamka polepole kuliko mengine, kana kwamba hakuna ya pili wala ya tatu inayofuata.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua ila kanisani. Akitembea, vidole vyake vilikuwa vinapiga mdundo kwenye paja. Ukimsalimia njiani hakuitikia salamu tu, aliisikiliza kwanza. Nakumbuka nikimwamkia sokoni nikiwa nimechoka, akaniambia, "Marahaba. Lakini umeanza vizuri, mbona umeangukia mwisho?" Ikabidi niamkie upya, mbele ya wauza vitunguu.

Kwenye kwaya alikuwa na sheria nyingi, ila moja ndiyo tuliyoilalamikia mpaka kwa padri. Saa ya mazoezi ikifika, mlango unafungwa, na aliyechelewa anabaki nje. Ufunguo alimpa Ya Kwanza, kwa sababu alisema yeye mwenyewe ana huruma za kijinga. Siku Mwalimu mwenyewe alipocheleweshwa na gari lake, alikuta mlango umefungwa. Alibisha. Ya Kwanza aliangalia dirishani, akamwona ni nani, akarudi kukaa. Mwalimu hakugombana. Alizunguka, akasimama nje ya dirisha kwenye matope, akatuongozea nyimbo zote kutokea huko, mikono yake ikiingia ndani na kutoka. Tuliimba vibaya kwa kucheka. Wao wawili hawakucheka hata kidogo, na nadhani ndivyo walivyokuwa wakichezeana.

Na msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Kosa moja likivumiliwa, kwaya nzima imeshajifunza kulikosea." Aliusema mara nyingi hata watoto wa mtaani wakawa wanaambizana wakicheza mpira. Uweke moyoni msemo huo, maana ndio ulionigombanisha naye.

Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Kiinua mgongo kilipotoka, wenzake walifanya mambo ya busara. Wengine walinunua viwanja Ganako, mmoja alinunua gari la kupeleka watalii na kulikodisha. Mwalimu alipanda basi kwenda Arusha, akarudi na gari la Kijerumani, jeusi, la silinda nane, viti vya ngozi, na kioo cha paa kinachofunguka kwa kitufe, siku kikipenda kufunguka. Lilikuwa la mkurugenzi mmoja aliyelitumia likiwa jipya na kuachana nalo lilipoanza kuumwa. Huko lilikotengenezwa ni gari la mbio na la fahari. Karatu liliingia likivutwa na lori kutoka Makuyuni, na Mwalimu amekaa kwenye usukani ameshika kofia.

Bei yake ilikuwa ya kutupa, na hiyo peke yake ilitosha kumtisha mtu mwenye akili. Rahisi ghali, tulimwambia. Kila kitu ndani yake kilikuwa na ugonjwa wake. Taa zote za dashibodi zilikuwa zinawaka, na ukizima gari nyingine zilikataa kuzimika. Vioo vilishuka vyenyewe mvua ikianza. Lilikunywa oili, lilikunywa maji, na mafuta sisemi. Honi ilikuwa nzima.

Sababu ya kulinunua ilikuwa moja tu na hakumficha mtu. Ya Kwanza aliumwa nyonga na magoti, na ugonjwa ulikuwa umemzidi mpaka hawezi kuinua mguu kupanda kitu kirefu. Mama yake mzazi, bibi kizee hasa, alikuwa hai huko Mbulumbulu, na hakuwa mtu wa kushuka Karatu tena. Magari yanayokwenda kule ni marefu, ya kubeba ngano, maharage na watu kwa pamoja, na abiria mwenye miguu mibovu hupandishwa kwa kusukumwa huku watu wakihesabu. Ya Kwanza alipandishwa hivyo mara moja. Alipofika kwao hakulia, lakini aliporudi alimwambia mumewe, "Mama yangu aliniona nikiondoka kwa miguu yangu. Sitamrudia nikibebwa kama gunia la ngano." Basi hakwenda tena. Mama na mtoto wakawa wanasalimiana kwa simu ya jirani, na kizee kile kilikuwa hakisikii vizuri kwenye simu. Mwalimu alitaka gari la chini, la heshima, ambalo mkewe angeingia mwenyewe na kushuka mwenyewe mlangoni kwa mama yake kabla kifo hakijawatangulia. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake miaka yote tuliyomcheka.

Na tulimcheka kweli. Tuanze na sikio lake. Mwalimu hakujua injini, ila aliamini kwamba silinda nane ni waimbaji wanane, na mmoja akitoka kwenye sauti yeye atamsikia. Alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, macho ameyafumba, mkono mmoja hewani. Mafundi wa kwetu injini ikikosa moto sehemu moja wanasema inamisi. Mwalimu neno hilo hakulipenda. "Gari langu halimisi," alimwambia Besi. "Limo kwenye misa. Ngoja nikwambie ni nani anayepotosha." Kisha anaonyesha silinda. Mara nyingine alipatia, tukabadilisha koili yake na injini ikatulia, na siku hiyo alinijia nalo dukani bila shida yoyote ili niisikilize injini ilivyotulia. Mara nyingi zaidi alikosea, na Besi akafungua kitu kizima bure. Hata hivyo Besi alimpenda. Alisema ni mteja peke yake anayekaa gereji mpaka mwisho na kushika tochi bila kuitingisha.

Halafu kulikuwa na suala la kupiga magoti. Magari ya namna ile hayakai juu ya springi. Yanakaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, mmoja kila tairi, na kuna kompresa ndogo inayoijaza. Mfuko ukizeeka unavuja. Gari la Mwalimu ukiliwasha asubuhi lilinyanyuka taratibu, likatembea siku nzima na fahari yake, na ukilizima lilianza kushuka kidogo kidogo huku likipumua, hadi jioni bampa iko karibu na udongo. Majirani wakaliita Mlokole. Walisema ni gari pekee Karatu lililookoka, halilali bila sala.

Mwalimu, Mkatoliki wa kufa na kuzikwa, jina hilo lilimchoma. Alitufundisha teolojia pale pale gereji. Walokole, alisema, husali wamesimama na mikono juu. Anayepiga magoti ni Mkatoliki. Kwa hiyo gari ni la Kikatoliki na atakayeliita vinginevyo asije mazoezini. Jina likashika zaidi.

Kabla ya kuthubutu Mbulumbulu alitaka kulijaribu kwenye mlima, akachagua njia ya kreta. Tulikwenda naye mimi na Besi, kwa sababu mimi nilikuwa na spea na Besi alikuwa na mikono. Pale Lodoare, kwenye geti la hifadhi, askari aliona gari jeusi, refu, la vioo vya giza, akakaza mgongo na kupiga saluti. Mwalimu akairudisha bila aibu. Alikuwa bado na mkono kwenye kofia gari lilipochemsha, moshi ukajaa, na likazimika mbele ya askari yule aliyekuwa bado amekakamaa. Tulitengeneza mpira wa maji pale pale, magari ya watalii yakitupita na madereva wao, watu ninaowauzia spea kila wiki, wakitoa vichwa kuuliza kama mheshimiwa anahitaji msaada.

Tulifika juu ukingoni. Ukungu ulikuwa umefunika kreta yote, hatukuona kitu, na Mwalimu alilizima gari akasema hajaona uzuri wa namna ile. Tukiwa tumekaa, likaanza kushuka na kupumua. Mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa akipeleka ng'ombe wake alisimama na fimbo yake akaliangalia mpaka likamaliza. Akauliza linaumwa nini. Besi akaeleza habari za upepo na mifuko, na kwamba dawa yake ni kung'oa yote na kuweka springi, lakini mwenye gari ni mbishi.

Mzee alifikiri. "Asubuhi inaamka?" akauliza.

"Inaamka," Mwalimu alijibu.

"Basi hii si mgonjwa. Ng'ombe anayelala jioni na kuamka asubuhi ni mzima. Uogope yule anayesimama usiku kucha."

Akaweka kiganja juu ya boneti, vile wazee wa kwao wanavyoweka mkono kwenye kichwa cha mtoto aliyeinama kuwaamkia, kisha akawafuata ng'ombe wake. Mwalimu alirudi Karatu akiyarudia maneno hayo njia nzima. Besi alikasirika. Alisema sasa mwenye gari amepata daktari wa ng'ombe.

Safari ya kwanza ya Mbulumbulu ilikuwa aibu. Ujumbe ulitumwa, kizee kikaambiwa mwanao anakuja. Ya Kwanza alivaa kitenge kipya. Tulipita Rhotia, tukaiacha lami, na hatukwenda mbali kompresa ikaungua. Ilikuwa imefanya kazi ya kujaza mifuko inayovuja tangu siku gari liliponunuliwa, na siku hiyo ikakataa. Gari likalala chini kabisa, tumbo kwenye njia, halisogei mbele wala nyuma. Lori la ngano likasimama. Wale vijana walikuwa na adabu, walishuka, wakamwamkia mama, wakamwambia watampandisha kwa uangalifu mkubwa na watamfikisha hadi mlangoni. Ya Kwanza aliwashukuru akakataa. Mwalimu alimsihi. Nilimwona akimsihi, ameinama kwenye dirisha, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiongea bila kujali sauti yake imeangukia wapi. Ya Kwanza aliangalia mbele tu. Alikaa ndani ya gari lile mpaka Besi alipopata namna ya kulinyanyua na kulivuta kurudi nyumbani. Baadaye tulisikia kwamba mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda nje tangu asubuhi, na walipomwambia hawaji tena alisema wasimwondolee kigoda, labda wamechelewa tu.

Mwalimu aliugua kwa habari ile. Sisi tuliamua kwa niaba yake. Besi alitafuta springi na shokapu za kufaa, akazipanga gereji zimeoshwa. Alisema ni kazi ya siku moja na gari halitapiga magoti tena maisha yake yote. Mwalimu akaja, akazitazama, akakataa. Akasema anataka kompresa nyingine na mifuko mipya. Nikamwambia vizuri, ni gharama zaidi lakini ni haki yako, naagiza minne. Akasema mitatu. Ya nyuma yote miwili, na wa mbele kulia. Wa mbele kushoto usiguswe.

Nilidhani hajaelewa. Nikamweleza taratibu kwamba huo wa kushoto ndio uliopasuka kuliko yote, ndio ulioua kompresa, na kompresa mpya nayo itakufa kwa sababu yake. Akasema anajua. Besi akatupa spana chini. Mimi nikapandwa na hasira, maana ni mwaka wa ngapi nakaa na mtu huyu, nikamrudishia msemo wake usoni. Nikamwambia, Mwalimu, si wewe uliyesema kosa moja likivumiliwa kwaya nzima imeshajifunza kulikosea?

Alinitazama chini ya ile kofia. "Hilo liache, Sauti ya Pili," akasema. "Nina kazi nalo."

Tukafanya alivyotaka. Kuanzia hapo gari likawa halipigi magoti mbele na nyuma kama zamani. Lilikuwa linainamia kona moja tu, ya mbele kushoto, kila jioni, na mtaa mzima ukawa unasema Mlokole amerudi nyuma kiimani, anasali kwa goti moja. Besi alichukia kuliona. Alikuwa akilipita anageuza uso.

Safari ya pili tuliifanya kiangazi, ngano imekwisha kuvunwa na njia ni vumbi tupu. Nilifika kwao na Besi asubuhi na mapema, nikiwa na dumu la maji na fyuzi mfukoni. Gari lilikuwa uani, limeinamia kushoto, upande wa abiria, mlango umefunguliwa. Sikuwa nimewahi kumwona Ya Kwanza akiingia kwenye gari lile likiwa limelala. Alitoka na fimbo yake, akalipa gari mgongo, akakaa. Basi. Kiti kilikuwa kimemfuata chini. Hakuinua mguu, hakushikwa mkono. Aliivuta miguu yake ndani mmoja baada ya mwingine, akaweka fimbo mapajani na kurekebisha kilemba. Mwalimu alifunga mlango, akazunguka, akawasha. Kompresa ikanguruma, na kona ile ya kushoto ikaanza kupanda polepole, ikimnyanyua mkewe pamoja nayo, mpaka gari likakaa sawa.

"Sasa naona hadi Rhotia," Ya Kwanza alisema.

Nilimgeukia Besi, aliyekuwa ameshakaa kiti cha nyuma. Alikuwa amevua kofia yake ameishika magotini. Mfuko mzima hauwezi kushuka namna ile. Tungemwekea springi, au mfuko mpya niliotaka kumuuzia, gari lingekuwa zima na yeye angebaki nje yake.

Tulikwenda kwa mwendo wa maharusi. Mwalimu alisikiliza silinda zake na Ya Kwanza aliimba sauti ya kwanza, chini chini, mimi nikaingia na yangu bila kuambiwa, na Besi naye. Tulikosa sauti ya tatu tu. Mwalimu hakuimba kwa sababu alisema anaendesha.

Kigoda kilikuwa nje. Kizee kilikuwa juu yake, kidogo, kimejikunja ndani ya shuka, na sijui alitusikia au aliona vumbi, ila aliinuka. Mwalimu alisimamisha gari karibu kabisa na mlango. Hakulizima. Alibonyeza kitufe chenye picha ya gari na mshale, na gari likapanda tena, juu zaidi ya kawaida, hadi kiti kikawa kimo cha mtu aliyekaribia kusimama. Ya Kwanza alitoa miguu nje, akaweka fimbo chini, akasimama. Alitembea hatua zile chache mwenyewe. Mwalimu alibaki kwenye usukani. Alikuwa anaangalia taa za dashibodi kwa bidii kubwa, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola.

Mama na mtoto waliongea Kiiraqw. Ya Kwanza alikuwa anasema "Ayo, Ayo," yaani mama, na mengine sikuyasikia. Baadaye alinitafsiria kwamba mama yake alimuuliza nani amemleta, naye akamjibu amekuja kwa miguu yake. Mwalimu alipolizima gari, tukiwa tumesimama wote tukisalimiana, likaanza kupumua na kuinamia kushoto. Kizee kililitazama mpaka chini. Kikauliza kama na hili linaumwa magoti. Wakamwambia ndiyo.

"Basi tuko watatu," akasema, akaamuru lipelekwe kivulini.

Walikwenda mara nyingine baada ya hapo, na mara nyingine gari lilikataa katikati ya njia, na kompresa niliuza tena kama nilivyotabiri. Lakini walikwenda. Kizee kilikufa wakiwa wamekwisha kuonana kiasi cha kutosha kugombana kuhusu mbegu za maharage, na Ya Kwanza alimzika mama yake akiwa amesimama.

Ya Kwanza mwenyewe alifuata masika ya mwaka jana. Sitaandika juu ya maziko. Nitasema tu kwamba kwaya iliimba bila mwalimu, na kwamba tuliimba vizuri, na hilo liliniuma kuliko kama tungekosea. Tangu siku hiyo Mwalimu hakuja mazoezini. Kanisani anakuja, anakaa nyuma, na watu wakipiga magoti yeye hukaa.

Siku moja aliingia dukani. Aliangalia mikanda ya feni kwa muda, akaangalia plagi, akauliza habari za wajukuu zangu. Kisha akasema nimwagizie ule mfuko wa mbele kushoto. Niliitikia sawa Mwalimu, na sauti yangu ilianguka mwisho, naye hakunirudisha. Mfuko ukaja na basi kutoka Arusha. Akaja akafungua boksi, akaunusa mpira mpya, akaubonyeza kwa kidole gumba, akafunga boksi. Akaniambia nimwekee mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo akaja tena, akafungua, akafunga. Besi alikuwa anatuchungulia mlangoni na hakuthubutu kuuliza lini aje na jeki.

Jumamosi iliyopita nilifunga duka mapema nikambebea mwenyewe. Nilijiambia nyumba ile ina upweke na labda gari likitengenezwa atatoka kidogo. Jua lilikuwa bado halijazama. Gari lilikuwa uani limeinamia pale pale, mlango wa kushoto uko wazi, kuku wakipita chini yake. Yeye alikuwa amekaa ndani, kwenye kiti cha mkewe. Sikuwahi kumwona upande ule. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nizunguke nikae kwenye usukani.

Nikakaa na boksi mapajani. Akaniambia niwashe. Injini iliitika, kompresa ikanguruma, na kona ile ikampandisha polepole kama ilivyokuwa ikimpandisha Ya Kwanza. Alifumba macho, mkono mmoja hewani. Nami nikasikia, mahali fulani katika wale wanane, mmoja anachechemea.

"Umemsikia?" akauliza.

"Nimemsikia, Mwalimu."

"Ni nani?"

Nilikisia. Nikasema wa pili kutoka mbele, upande wangu. Akatabasamu, tabasamu lake la kwanza tangu masika yale, akasema sijui kitu lakini angalau nimesikiliza. Kisha akaniambia nizime. Tukakaa huku gari likishuka, likipumua, na yeye akishuka nalo, mpaka bega lake likawa chini ya langu.

Nikamwonyesha boksi. Nilimwambia Besi anaweza kuja Jumatatu, ni kazi ndogo, na gari litasimama wima.

Alilitazama. "Nilipoliacha kosa hili niliona haya," akasema. "Nikawaza, mtu mzima, mwalimu, naacha kitu kibovu kwa makusudi. Sasa nikilitengeneza, Sauti ya Pili, nani atajua kwamba alikuwa anaingilia upande huu?"

Alitoa miguu nje, mmoja baada ya mwingine, akanyoosha mkono nimvute, kwa sababu gari likiwa limelala ni vigumu kutoka. Alinisindikiza mpaka barabarani, vidole vikipiga mdundo kwenye paja. Nikarudi na boksi langu. Liko rafuni mpaka sasa, juu ya mikanda ya feni, na mteja akiuliza namwambia lina mwenyewe.